Tajiri na Malenga: Nafasi ya Mfanyabiashara katika Ushairi Ulioimbwa wa Mombasa

Imekuwa desturi katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili kusema kwamba Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840) ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Kauli hii ilienea zaidi baada ya kuchapishwa kitabu cha Mohamed Abdulaziz juu ya Muyaka mwaka 1979, na imewafaa walimu na wanafunzi wengi kwa sababu inaeleza kwa maneno machache mageuzi makubwa: kutoka tenzi ndefu za dini hadi mashairi mafupi ya mapenzi, siasa, mzaha na shida za kila siku. Hata hivyo soko linalotajwa katika kauli hiyo ni istiari tu. Anayeisema hana haja ya kueleza ni nani aliyekuwa na duka katika soko hilo, bidhaa iliuzwa kwa kipimo gani, na mnunuzi aliporudi nyumbani alikuwa na nini mkononi. Makala haya yana nia ya kulichukua neno soko kwa maana yake halisi. Tutaangalia kipindi ambacho ushairi wa Mombasa uliingia dukani kwa hakika, ukapewa nambari na bei, ukauzwa juu ya kaunta pamoja na redio na sindano za gramafoni. Na tutauliza mwenye duka alikuwa na nafasi gani katika kuufanya ushairi huo uwe jinsi ulivyo.

Mwenye duka tunayemkusudia ni yule aliyefadhili kurekodiwa kwa taarabu. Mfano wetu mkuu ni Assanand & Sons, duka la wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa lililotoa santuri kwa nembo ya Mzuri, hasa katika miaka ya 1960 na 1970; na pamoja nalo Mbwana Radio Service ya Pigott Place, Mji wa Kale, ambayo jina lake halitenganishwi na kaseti za taarabu. Wapenzi wa muziki wanayajua majina haya. Wahakiki wa ushairi hawayataji. Fungua utangulizi wa diwani yoyote iliyosomwa vyuoni mwetu: utakutana na walimu wa malenga, jamaa zake, shehe aliyempa ijaza, mhariri na mchapishaji. Tajiri aliyelipa wapiga ala, akamkalisha malenga huyo huyo na mwimbaji mbele ya maikrofoni, haonekani.

Kutoonekana huku kuna sababu mbili, na zote zinastahili kujibiwa. Ya kwanza inatokana na uhakiki wa Kimaksi uliotawala idara zetu katika miaka ya 1970 na 1980. Katika uhakiki huo mfanyabiashara alikwisha kuhukumiwa kabla hajafika mahakamani: yeye ni bepari, faida ni lengo lake, na sanaa ikipita mikononi mwake hutoka imechujuka. Ya pili ni ya kale zaidi. Ni ile heshima ya maandishi inayomfanya msomi aone kwamba shairi lililochapishwa katika kitabu ndilo shairi lenyewe, na lile lililoimbwa ni kivuli chake. Ajabu ni kwamba wanamapokeo wenyewe hawakusema hivyo. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliuweka uimbaji ndani ya maana ya shairi. Na Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) alishikilia kwamba tungo za Waswahili hazieleweki zikiondolewa mahadhi yake. Tukiwakubali wanazuoni hawa, basi santuri haiwezi kuwa kivuli. Ni toleo la shairi, na aliyetoa toleo ni mchapishaji kama walivyo wachapishaji wengine.

Neno tajiri lenyewe linatusaidia. Katika Kiswahili cha pwani tajiri ni mwenye mali, ni mfanyabiashara, tena ni yule anayeajiri, hata mtumishi akisema "tajiri wangu" anamkusudia anayempa kazi. Maana hizi tatu hazikukutana kwa bahati. Zinaonyesha uhusiano ambao Kiingereza na lugha nyingine huutenganisha kwa maneno mbalimbali, lakini ambao sisi tumeuona daima kuwa ni mmoja. Malenga aliyekwenda kwa tajiri alikwenda kwa watu watatu katika kiti kimoja.

Mfadhili kabla ya duka

Ufadhili haukuanza na santuri. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga mwaka 1728, ulitungwa kwa amri ya mtawala wa Pate. Muyaka naye alisimama upande wa Mazrui wa Mombasa katika ugomvi wao na Lamu, kisha na Seyyid Said, mpaka dola yao ilipovunjwa mwaka 1837. Katika mazingira hayo fadhila ya mtawala kwa malenga ilikuwa heshima, ukaribu na sikio lenye kusikiliza. Shairi lililipwa kwa nafasi aliyopewa mtunzi barazani, na kwa hiyo shairi lilibeba alama za baraza hilo: majina ya watu, matukio ya vita, mafumbo ambayo wasikilizaji wa siku ile waliyatambua mara moja. Ndiyo maana Mchungaji W. E. Taylor alipoyakusanya mashairi ya Muyaka miaka mingi baada ya kufa kwake, alimhitaji Mwalimu Sikujua bin Abdallah (aliyefariki mwaka 1890) kumfafanulia nani alimwambia nani, na kwa sababu gani. Bila ya Sikujua, kitabu alichokitoa William Hichens mwaka 1940 kingekuwa diwani ya vitendawili visivyo na majibu.

Hata katika zama hizo mfanyabiashara hakuwa mbali. Msomaji wa tenzi anakumbuka jinsi watunzi walivyopenda kuanza kwa kuagiza vifaa vya kuandikia: wino, karatasi, kalamu, kibao. Tumezoea kuyapita mafungu hayo haraka, kana kwamba ni bismillahi ya pili tu. Lakini karatasi ilikuja kwa jahazi na ilinunuliwa. Mtunzi anayeanza kwa kuomba karatasi anatuonyesha, bila ya kukusudia, kwamba kazi yake inasimama juu ya mzigo wa mtu fulani uliovuka bahari. Katika enzi ya hati, tajiri aliuza kile ambacho juu yake shairi liliandikwa. Katika enzi ya santuri, aliuza chombo ambacho shairi limo ndani yake. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu muuza karatasi hana haja ya kujua kilichoandikwa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, na katika miaka michache iliyofuata makampuni mengine makubwa yakashindana kutoa santuri za Kiswahili. Habari za Siti zimesimuliwa vya kutosha, kuanzia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, na hatuna haja ya kuzirudia. Linalotuhusu ni jambo dogo lililokuwa nyuma yake. Fundi wa Kizungu aliyekaa kwenye mashine hakujua Kiswahili. Mkurugenzi wa kampuni London hakujua tofauti ya malenga na mpiga zumari. Kampuni ilitegemea mawakala wake wa hapa pwani, wenye maduka ya gramafoni, waliojua nani anapendwa Unguja, nani Mombasa, na wimbo gani umevuma harusini msimu uliopita. Uteuzi wa nani arekodiwe ulikuwa uhakiki. Ulifanywa kwa hesabu ya mauzo, ndiyo, lakini ulihitaji sikio, na ulitangulia uhakiki wa vyuo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tofauti ya Assanand na mawakala hao wa mwanzo ni kwamba yeye hakuwa akimchagulia mwingine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili biashara ya kurekodi ilihamia Afrika Mashariki yenyewe, kwanza Nairobi, kisha katika miji mingine, na duka la Mombasa likaweza kuwa na nembo yake. Kuanzia hapo mwenye duka, msikilizaji, mwimbaji na malenga wote waliishi katika kisiwa kimoja, mwendo wa miguu baina yao. Santuri iliyotoka ilisikika siku hiyo hiyo Kibokoni na Kuze, Makadara, Buxton na Majengo. Mnunuzi aliyechukia aliweza kurudi dukani kusema. Ukaribu wa namna hii haukuwahi kuwapo Bombay.

Hesabu ya dakika tatu

Tuje kwenye shairi lenyewe. Santuri ndogo ya mizunguko arobaini na mitano ilibeba, kila upande, wimbo wa dakika tatu mpaka nne au zaidi kidogo. Tufanye hesabu. Shairi la kawaida lina bait ya mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita. Tuseme mwimbaji anachukua sekunde saba kwa mshororo. Bait moja ni karibu nusu dakika. Lakini taarabu haiimbwi hivyo. Mshororo hurudiwa, waitikiaji hukipokea kibwagizo, kisha ala hupewa nafasi yake kabla ya bait inayofuata, na mwanzoni pana kipande cha muziki peke yake. Bait moja imekwisha kula dakika nzima au zaidi. Upande mmoja wa santuri basi unatosha beti mbili au tatu. Pande zote mbili, wimbo ukikatwa kati na kuandikwa "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili", beti tano au sita.

Sasa mchukue Ahmad Nassir bin Juma Bhalo, ambaye kwa maoni yetu ndiye mfano bora wa malenga mwenye maisha mawili. Wasomaji wanamjua kwa Malenga wa Mvita (1971), diwani iliyotayarishwa na Shihabuddin Chiraghdin, na kabla yake kwa kitabu kilichotolewa Marekani na Lyndon Harries mwaka 1966. Wasikilizaji, ambao ni wengi zaidi mara nyingi, wanamjua kwa sauti ya jamaa yake Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014), aliyeziimba tungo zake nyingi. Ahmad Nassir wa kitabuni ni mtu wa mjadala. Hoja yake hupanda ngazi. Bait ya kwanza inaomba ruhusa, zinazofuata zinaleta mifano, mpinzani anapewa nafasi akajibiwa, kisha ndipo kaditama. Ahmad Nassir wa santuri hana muda huo. Bait ya kwanza lazima itoe kidonda chote, kibwagizo lazima kiwe kauli inayoweza kusimama peke yake mdomoni mwa mtu asiyekumbuka mengine, na beti zilizobaki zinazunguka kauli hiyo badala ya kuiendeleza.

Mhakiki aliyefunzwa kwa diwani ataona upungufu. Sisi tunaona utanzu mwingine, wenye sheria zake, na tunadai kwamba mojawapo ya waliotunga sheria hizo ni tajiri. Yeye hakuandika mshororo hata mmoja. Aliweka mpaka. Malenga aliyeujua mpaka huo akatunga kwa kuuelekea, kama vile mtunzi wa utenzi anavyotunga kwa kuelekea mizani minane. Hatusemi mtu ameharibiwa na mizani.

Kuna hasara moja, hata hivyo, ambayo ni ya kweli na haijaangaliwa inavyostahili. Katika ushairi wa mapokeo bait ya mwisho ndiyo mahali pa sahihi. Malenga hujitaja hapo kwa jina, kwa lakabu, kwa mji wake au kwa fumbo linalomfichua. Santuri inapokata shairi, bait inayokuwa hatarini zaidi ni hiyo hiyo ya mwisho, kwa sababu haina kidonda wala kibwagizo kipya. Mwimbaji anayetafuta pa kupunguza ataanza hapo. Sahihi ya malenga basi inaondoka ndani ya shairi, na mahali pake inachukuliwa na karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri: jina la wimbo, jina la mwimbaji na chama chake, nembo ya duka, nambari. Malenga akitajwa hapo, ametajwa kwa hisani ya mpiga chapa. Katika utenzi wa Pate mtunzi alimtaja mfadhili wake ndani ya utungo. Katika santuri mfadhili ndiye mwenye uwezo wa kumtaja mtunzi, au kutomtaja. Uhusiano umepinduka kabisa, na sijui tukio jingine katika historia ya ushairi wetu lililobadilisha hadhi ya mtunzi kwa kiasi hicho bila ya kuzua hata mjadala mmoja katika majarida.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo Kenya tangu mwaka 1966, ikaandikwa upya mwaka 2001, lakini sheria humlinda anayejulikana. Msomi anayetafuta leo mtunzi wa wimbo wa miaka ya 1960 analazimika kuuliza wazee, kama Taylor alivyomuuliza Sikujua.

Fumbo lenye wanunuzi wawili

Jambo la pili ambalo duka lilibadilisha ni fumbo, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo uhakiki wa Kimaksi unaposhindwa kabisa.

Kabla na baada ya santuri, mfadhili mwingine mkubwa wa taarabu Mombasa alikuwa harusi. Familia iliyoalika chama ililipa, na wakati wa kuimba wasikilizaji, hasa wanawake, waliinuka kutunza: noti mkononi, mwendo wa maringo hadi kwa mwimbaji, macho yakimtazama yule ambaye bait hiyo inamhusu. Kutunza ni ufadhili wa papo kwa papo, tena ni tafsiri. Anayetunza anatangaza, "Shairi hili ni langu, na mlengwa wake anajijua." Malenga aliyetungia harusi maalumu angeweza kutunga kwa ukali na kwa dalili za wazi, kwa kuwa kesi ilijulikana na mashahidi walikuwa ukumbini.

Tajiri wa santuri hakuwa na kesi. Alikuwa na mamia ya wanunuzi asiowajua, kila mmoja na ugomvi wake. Wimbo uliomsema mke mwenza mmoja wa mtaa mmoja kwa dalili zake ungeuzwa katika mtaa huo na kukwama hapo. Wimbo uliosema habari ya mti uliopandwa na mmoja ukavunwa na mwingine, au chombo kilichoazimwa kikarudishwa kimevunjika, ungenunuliwa na pande zote mbili za kila ugomvi wa namna hiyo kuanzia Lamu hadi Tanga, na kila upande ungedhani umetungiwa wao. Duka lilihitaji fumbo pana. Na fumbo pana ndilo hasa lililo gumu zaidi kisanaa: picha lazima iwe na uwazi wa kutosha kushikika, na ukimya wa kutosha kuchukuliwa na mtu yeyote. Linganisha na Muyaka. Mashairi yake makali ya kisiasa yanahitaji tanbihi. Tungo nzuri za enzi ya Mzuri hazihitaji. Mtu anaweza kusema hiyo ni dalili ya wepesi. Kwa maoni yangu ni dalili ya ufundi uliolazimishwa na kaunta.

Ikiwa ni hivyo, basi kauli kwamba biashara ilikausha maudhui ya ushairi inahitaji kupimwa tena. Kuna maudhui yaliyokauka: siasa ya wazi ilipungua, na haishangazi, maana hakuna mwenye duka anayependa polisi wamtembelee. Abdilatif Abdalla, ndugu wa Ahmad Nassir, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya maandishi yake. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973, kitabuni. Ndugu wawili wa nyumba moja, bahari zile zile, lahaja ile ile, na njia mbili za kumfikia msikilizaji. Njia ya dukani haikuwa na nafasi kwa dhiki ya aina ile. Lakini katika maudhui ya mahusiano ya watu, ya ahadi, husuda, majuto na wivu, duka lilidai ufundi, na likaupata.

Swali la nyimbo za Kihindi

Haitawezekana kuandika juu ya tajiri wa Kihindi na taarabu ya Mombasa bila ya kukutana na lawama moja kongwe: kwamba mahadhi ya filamu za Kihindi yaliingizwa katika taarabu yetu na wafanyabiashara hao kwa maslahi yao. Yaseen Mohamed katika miaka ya 1950, kisha Juma Bhalo na Matano Juma, walitumia mahadhi ya filamu kwa maneno ya Kiswahili, na walipendwa sana kwa kufanya hivyo. Wako waliochukizwa, wakiona kwamba mahadhi ya kigeni yanayavunja mizani ya shairi.

Lawama hiyo haisimami. Nembo ya Mzuri iliyombeba Juma Bhalo ilimbeba pia Zein l'Abdin (1939–2016), mpiga udi wa Lamu ambaye sifa yake yote ni kushikilia mahadhi ya Kiarabu na ya Kiswahili cha kale, na ambaye alishirikiana kwa miaka mingi na Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), mtetezi mkubwa wa tungo za jadi. Kama tajiri angekuwa na mradi wa Kihindi, Zein asingekuwa na nafasi dukani mwake. Mahadhi ya filamu yaliletwa na kumbi za sinema za Mombasa na vijana waliojaa humo, Waswahili kwa Wahindi, wakatoka wakiimba. Mwenye duka alisikia walichokuwa wakiimba. Hata jina la nembo lina kejeli ya kibiashara ndani yake, kwa aliyezoea methali: kizuri chajiuza.

Tena tunapaswa kuangalia faida iliyopatikana kifani. Mahadhi ya filamu hayakuumbwa kwa mizani kumi na sita. Malenga aliyetaka kuyatumia alilazimika kugawanya mshororo mahali pasipo pa kawaida, kutunga vipande vya mizani mitano au sita, kubadilisha vina vya kati. Huo ni ujaribio katika umbo la shairi, uliofanywa na wanamapokeo wa Mombasa mbele ya umma, katika miaka ile ile ambayo vyuo vilikuwa vikitoana jasho juu ya mashairi huru. Mgogoro ule uliochochewa na Kichomi cha Kezilahabi (1974) uliendeshwa kana kwamba upande mmoja ulikuwa na umbo lisilobadilika. Waliokuwa na santuri nyumbani walijua vingine.

Kaseti na baada yake

Kaseti ilipoenea, hesabu ya dakika ikavunjika. Upande mmoja wa mkanda ulibeba nusu saa au zaidi, na Mbwana Radio Service ikaweza kutoa nyimbo zikiwa na urefu wa kupigwa harusini. Beti zilizokatwa zikarudi, ala zikapata nafasi ndefu, na waimbaji wa kike kama Zuhura Swaleh na Malika wakasikika karibu zaidi na namna walivyosikika ukumbini. Lakini mkanda unakilika kwa mashine ya nyumbani. Duka lililotoa kaseti Jumatatu lilishindana Ijumaa na nakala ya kaseti hiyo hiyo, na tajiri aliyekuwa mfadhili wa kipekee akawa mmoja tu katika mnyororo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfadhili mpya aliingia kutoka Uingereza: kampuni ya GlobeStyle ilirekodi Mombasa, ikatoa kazi za Zein na Maulidi Juma mwaka 1990 na ya Zuhura mwaka 1992, kwa msikilizaji ambaye hakujua Kiswahili. Kwa msikilizaji huyo fumbo lilikuwa sauti tu. Hapo ndipo mtu anapotambua thamani ya tajiri wa Mombasa: hata kama hakujali ushairi kwa ajili ya ushairi, wateja wake walijali maneno, naye aliishi kwa wateja wake.

Mwaka 2005 sehemu ya hazina ya Mzuri ilitolewa tena Ufaransa, katika mfululizo wa Zanzibara, kwa jina linalotaja miaka ya dhahabu ya taarabu ya Mombasa, 1965 hadi 1975. Jitihada hiyo ni ya kusifiwa, na inatia haya kidogo pia, kwa kuwa idara za Kiswahili zilizoko saa chache kutoka dukani zilikuwa hazijaorodhesha hata nambari za santuri. Nambari hizo ni ushahidi wa kifasihi. Zikipangwa kwa mfuatano zitatuonyesha malenga gani aliimbwa baada ya nani, shairi gani lilijibiwa na shairi gani, na jibu lilichukua muda gani. Malumbano, ambayo tunayasoma kwa Muyaka kama mambo ya karne ya kumi na tisa, yataonekana yakiendelea kwenye rafu za duka.

Vyanzo vyenyewe vinapungua. Santuri za nembo ya Mzuri hazikuwekwa maktabani. Ziliwekwa sebuleni, chini ya vitanda, katika masanduku ya akina bibi. Nyumba za zamani za Buxton zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2020 kupisha majengo mapya, na wapangaji walihama na walichoweza kubeba. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu angefaa kuanza na familia kama hizo, akiwa na daftari, kinanda cha santuri kinachofanya kazi, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu wa kumwambia, mbele ya kila karatasi ya duara isiyo na jina la mtunzi, nani alitunga, kwa ajili ya nani, na tajiri alimlipa nini.